Nani Apishe Kwenye Boya? Jinsi ya Kusoma Sheria za Njia Katika Mashindano ya Matanga

Boti ishirini zikiwa katikati ya ghuba, kila moja ina bahari yake. Zikikaribia boya, zote zinayataka maji yale yale, mita chache tu, tena kwa wakati mmoja. Hapo ndipo utasikia "Nafasi! Nafasi!" upande huu na "Kulia! Nina kulia!" upande ule, na wote wawili wanaamini kabisa kwamba sheria iko kwao.

Kwa muda niliokaa kwenye dinghi, yaani boti ndogo ya matanga, na baadaye kusaidia kufundisha vijana, nimeona kwamba ugomvi wa boyani karibu wote unatokana na jambo moja. Watu wanachanganya vitu viwili ambavyo sheria imevitenga. Kimoja ni haki ya njia: nani apishwe. Cha pili ni nafasi ya boya: nani aachiwe maji ya kulizungukia boya. Boti inaweza kuwa na haki ya njia na hapo hapo ikadaiwa nafasi na boti isiyo na haki hiyo. Ukilishika hilo, sheria ya 18, ile ya nafasi ya boya, ambayo wengi wanaikimbia kwa urefu wake, inaanza kusomeka.

Ninayoyaeleza hapa yanatoka kwenye Sheria za Mashindano ya Matanga za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, toleo la 2025 hadi 2028, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Sheria hizi hupitiwa upya kila baada ya miaka minne, kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kabatini usibishane nacho, tafuta kipya. Mashindano ya ngalawa na mashua, kama yale ya Lamu, yana taratibu zake, na tanga lenye foromali, ule mti unaolibeba, halipinduliwi kama tanga la dinghi, hayo siyagusi. Ila maneno ya mabaharia wetu nitayatumia, maana yanatosha na yanapendeza.

Maneno ya kushika kabla ya kuanza

Joshi ni upande upepo unakotoka. Demani ni upande upepo unakokwenda. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Kubisha ni kwenda dhidi ya upepo kwa kupindapinda. Kupindua kwa joshi ni kugeuza huku omo inapita kwenye upepo. Kupindua kwa demani ni kugeuza huku tezi ndiyo inayopita kwenye upepo.

Nikisema boti iko kwenye upepo wa kulia, maana yake upepo unaipiga ubavu wa kulia na tanga liko kushoto. Ukienda na upepo wa nyuma moja kwa moja, ubavu haukuambii kitu, kwa hiyo angalia tanga: likiwa kushoto wewe ni wa kulia, likiwa kulia wewe ni wa kushoto. Wafundishe watoto kuangalia tanga tangu siku ya kwanza, hawatakosea.

Hatua ya kwanza: tafuta kandambili mbili na kifuu cha nazi

Sisemi utani. Sheria hizi hazisomeki vizuri kwa macho peke yake. Nenda mchangani, weka kifuu chini, hilo ndilo boya. Kandambili ni boti: ncha ya vidole ni omo, kisigino ni tezi. Chora mshale wa upepo mchangani. Kisha pima urefu wa kandambili mara tatu kutoka kwenye kifuu na uchore duara. Duara hilo ndilo litakaloamua karibu kila kitu.

Boti zangu mbili nitaziita Changu na Pono.

Hatua ya pili: jibu kwanza swali la haki ya njia, kana kwamba boya halipo

Hapa kuna sheria nne fupi, kuanzia ya 10 hadi ya 13, na hazichukui muda. Boti zikiwa kwenye pepo tofauti, wa upepo wa kushoto anampisha wa upepo wa kulia. Zikiwa kwenye upepo mmoja na zimeingiliana, yaani hakuna iliyo nyuma kabisa ya mwenzake, ya joshini inaipisha ya demanini. Zikiwa kwenye upepo mmoja na hazijaingiliana, ya nyuma inaipisha ya mbele. Na boti inayopindua kwa joshi, tangu omo ipite kwenye upepo hadi ikae sawa kwenye njia yake ya kubisha, inawapisha wote.

Sema jibu kwa sauti: "Changu ana haki ya njia." Liweke. Usilifute utakapofika kwenye boya, kwa sababu sheria hizi nne hazizimwi na sheria ya 18. Zinaendelea kufanya kazi chini yake.

Hatua ya tatu: lione duara

Duara la boya ni urefu wa boti mara tatu, na boti inayopimwa ni ile iliyo karibu zaidi na boya. Boti imeingia sehemu yoyote ya bodi yake, yaani mwili wa boti, inapogusa duara, hata kama ni ncha ya omo tu.

Kwa ILCA, ile iliyokuwa ikiitwa Laser, yenye mita 4.2 hivi, duara linafika karibu mita 13 kutoka boyani. Kwa Optimist ya watoto, yenye mita 2.3, ni kama mita 7. Ukiwa unakwenda noti 4, yaani kama mita 2 kwa sekunde, mita 13 zinakwisha kwa sekunde sita. Sekunde sita za kuvuta kamba ya tanga, kuinua ubao wa katikati au kuushusha, kumwangalia wa nyuma na kusikia kelele za wa pembeni. Ndiyo maana uamuzi wa nani ana nafasi haufanywi ndani ya duara. Unafanywa kabla.

Jicho halizaliwi likijua mita 13. Njia niliyoona inafanya kazi ni hii: siku ya mazoezi funga kamba ya mita 13 kwenye boya, mwisho wa kamba weka dumu tupu la lita tano likielea. Pita hapo mara ishirini, thelathini. Baada ya wiki mbili ondoa dumu, mwambie kijana apige kelele "duara!" anapodhani ameingia, huku wewe ukiwa kwenye boti ya msaada umekaa pembeni unapima. Mwanzoni karibu wote wanawahi kupiga kelele. Bahari inalifanya boya lionekane karibu.

Hatua ya nne: piga picha

Hii ndiyo hatua kubwa, na nitakaa hapa.

Wakati boti ya kwanza kati ya zile mbili inapogusa duara, piga picha kichwani. Picha moja. Tazama jambo moja tu kwenye picha hiyo: zimeingiliana au hazijaingiliana?

Kujua kuingiliana, chora mstari unaokata boti ya mbele kwa pembe mraba, ukipita kwenye sehemu yake ya nyuma kabisa. Kwenye ILCA sehemu hiyo ni usukani, siyo ukingo wa bodi, kwa kuwa vifaa vikiwa mahali pake pa kawaida vinahesabiwa. Kama boti ya nyuma, pamoja na vifaa vyake, iko nyuma ya mstari huo, haijaingiliana. Ikiuvuka hata kwa kiganja kimoja, zimeingiliana. Tena, kama kuna boti ya tatu katikati iliyoingiliana na zote mbili, basi hizo mbili za pembeni nazo zinahesabiwa zimeingiliana, hata kama peke yao zisingefika.

Jaribu na kandambili. Weka Changu akielekea kifuuni moja kwa moja, Pono nyuma yake kidogo na pembeni. Sasa mgeuze Changu kidogo tu, digrii ishirini. Utaona mstari wa tezi umefagia mchanga kama mkono wa saa, na Pono aliyekuwa nyuma sasa ameingiliana, au aliyekuwa ameingiliana sasa yuko nyuma. Hakuna aliyeongeza mwendo. Mabaharia wazuri wanaijua hesabu hiyo, na mita chache kabla ya duara utawaona wanageuza omo kidogo ili wavunje kuingiliana kabla picha haijapigwa. Ni halali, ilimradi asiye na haki ya njia aendelee kupisha, na mwenye haki anapogeuza ampe mwenzake nafasi ya kumkwepa.

Picha ikishapigwa, hukumu ni hizi mbili:

Kama zimeingiliana, boti ya nje inaipa boti ya ndani nafasi ya boya. Ya ndani ni ile iliyo kati ya mwenzake na boya.

Kama hazijaingiliana, ile ambayo bado haijafika kwenye duara inaipa nafasi ile iliyofika.

Na hukumu haibadiliki. Mdaiwa anabaki mdaiwa hata kama kuingiliana kutavunjika sekunde moja baadaye, hata kama kuingiliana kupya kutaanza. Pono akiwa nyuma wakati Changu anagusa duara, kisha akapata pumzi ya upepo na kujipenyeza kati ya Changu na boya, hajapata kitu. Bado anamdai Changu sifuri na anadaiwa yote. Zaidi ya hapo, kwa kuwa amejipenyeza ndani, lazima amwachie Changu aende njia yake sahihi ya mashindano muda wote wanapokuwa wameingiliana, yaani njia ambayo Changu angeifuata ili amalize haraka kama Pono asingekuwapo.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, asubuhi moja ya kusi kwenye ghuba ya Msasani, Dar es Salaam. Nilikuwa wa nne, nikishuka kwa kasi kuelekea boya la chini, lile la upande wa demani. Niliyekuwa namfuata aliingia kwenye duara mimi nikiwa nyuma ya usukani wake kama mita moja. Mawimbi mawili yalinibeba, omo yangu ikapita usukani wake, nikapiga kelele "Nafasi!" na nikaingia. Nakumbuka sauti ya fibaglasi ikisaga fibaglasi, na kamba yake ya tanga imenasa kwenye omo yangu, tumeganda hapo huku boti sita zikituzunguka kwa nje. Niliamini nina haki kwa sababu nilikuwa ndani. Nilikuwa ndani kweli. Lakini picha ilikuwa imeshapigwa.

Na kama huna uhakika? Sheria imeshakujibia. Kukiwa na shaka ya msingi kama boti ilipata kuingiliana kwa wakati, inachukuliwa kwamba haikupata. Kukiwa na shaka kama ilivunja kuingiliana kwa wakati, inachukuliwa kwamba haikuvunja. Rudi kwenye hali ya mwisho ambayo wote wawili mlikuwa na uhakika nayo. Mkiwa mita 20 kutoka boyani mlikuwa mmeingiliana wazi wazi, na baadaye hamjui? Basi mmeingiliana. Ni kanuni ya kutuliza mabishano kuliko zote, na inafaa isemwe kwa sauti kwenye mkutano wa manahodha kabla ya kushuka majini.

Hatua ya tano: uliza kama sheria ya 18 inafanya kazi hapo

Inafanya kazi kati ya boti mbili ambazo zote zinatakiwa kuliacha boya upande mmoja na angalau moja imo ndani ya duara. Lakini kuna mahali inazimwa.

Pa kwanza, na pa kukumbuka kuliko pengine pote: boti zilizo kwenye pepo tofauti zikiwa zinabisha kwenda boya la juu, lile la upande wa joshi. Hapo hakuna nafasi ya boya. Hakuna. Wa upepo wa kushoto anayekuja akipiga kelele "Nafasi!" anaomba kitu kisichokuwapo, sheria ya 10 inatawala kana kwamba boya halijawahi kutiwa majini, naye apishe. Inazimwa pia pale ambapo boti ziko kwenye pepo tofauti na njia sahihi ya mmoja wao, siyo wote wawili, ni kupindua kwa joshi boyani. Inazimwa kati ya boti inayolikaribia boya na ile inayoondoka. Na kama boya lenyewe ni kizuizi kirefu kinachoendelea, sheria ya 19, ya kupita vizuizi, ndiyo inayotumika badala yake.

Hatua ya sita: pima deni, usizidishe

Mwenye nafasi ya boya anastahili maji ya kufika boyani pale ambapo njia yake sahihi ni kupita karibu nalo, maji ya kulizunguka, na maji ya kuliacha nyuma. Kiasi chake ni kile anachohitaji baharia mwenye uzoefu wa kutosha akigeuza bila kuchelewa, kwa hali ya bahari ya siku hiyo. Kukiwa na mawimbi makubwa ya kusi, nafasi ni pana zaidi. Maji yakiwa shwari kama mafuta, ni nyembamba.

Sasa rudi kwenye jibu la hatua ya pili ulilolihifadhi, kwani hapa ndipo linapolipa. Kila mtu aliyefundishwa vizuri anataka kuingia boyani kwa upana na kutoka kwa wembamba, ili anapomaliza kugeuka awe ameshaanza kubisha akiwa ameligusa boya kwa kivuli tu. Je, boti ya ndani inaruhusiwa kufanya hivyo? Kama ina haki ya njia, ndiyo, ya nje itabidi isogee. Kama haina, hairuhusiwi. Inapewa njia ya moja kwa moja hadi boyani na mgeuko wa kibaharia, basi. Ikijitanua na kumsukuma wa nje, imetoka nje ya nafasi yake, na hapo sheria za 10 na 11 zinaikamata.

Ikiwa imo ndani ya nafasi yake, lakini kwa kuitumia ikavunja mojawapo ya zile sheria nne za mwanzo, inasamehewa. Ndiyo kazi ya sheria ya 43. Na kama aliyedaiwa nafasi akaibana mpaka mwenzake akaligusa boya, aliyegusa anasamehewa pia.

Nafasi ya boya haihusishi kupindua kwa joshi, ila kwa boti iliyo ndani na joshini ya mdaiwa wake, ambayo baada ya kupindua italifikia boya bila kupindua tena. Na nafasi hiyo inakwisha mwenye nayo anapopitisha omo kwenye upepo au anapotoka kwenye duara.

Boya la juu, taratibu

Tuseme boya linaachwa kushoto, kama ilivyo mara nyingi. Boti zenye upepo wa kulia zinakuja kwenye mstari wao wa mwisho, zimepangana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Changu yumo kwenye mstari huo. Pono anatokea upande wa pili, upepo wa kushoto, anaona upenyo mbele ya Changu na anataka kupindua hapo hapo, ndani ya duara.

Pitia maswali. Kabla hajapindua, Pono ni wa kushoto, apishe. Anapopindua, sheria ya 13, apishe. Akishakaa kwenye upepo wa kulia na sasa analifikia boya, inakuja sheria ya 18.3, iliyoandikwa kwa ajili yake. Changu amekuwa kwenye upepo wa kulia tangu alipoingia kwenye duara. Kwa hiyo Pono haruhusiwi kumlazimisha Changu apande juu ya njia yake ya kubisha, yaani aelekeze omo karibu zaidi na upepo, ili asimgonge. Na Changu akijipenyeza ndani, kati ya Pono na boya, Pono lazima amwachie nafasi. Yaani aliyepindua ndani ya duara amejibebesha mzigo wote.

Ushauri wangu kwa anayekuja na upepo wa kushoto: pindua kabla ya duara, hata kama inakubidi ukae nyuma ya boti tatu. Utapoteza sekunde tano. Ukipindua ndani na mwenzako akapanda kukukwepa, utapoteza mizunguko miwili ya adhabu.

Boti mbili zikiwa zote kwenye upepo wa kulia zimeingiliana, mambo ni mepesi: ya ndani ndiyo ya demanini, kwa hiyo ina haki ya njia na nafasi pia. Ikipungukiwa kidogo kulifikia boya, inaweza kuinua omo kuelekea upepo na kujirusha kwa mwendo iliyonao, na ya joshini ipishe. Ila isipitishe omo kwenye upepo. Ikipitisha, kila kitu kimekwisha.

Boya la chini, na fumbo lake

Hapa sheria ya 10 peke yake inapotosha watu wengi. Boti zinashuka na upepo, boya linaachwa kushoto. Changu yuko nje, upepo wa kulia. Pono yuko ndani, upepo wa kushoto. Waliingiliana picha ilipopigwa. Changu anapiga kelele "Kulia!" na anasema kweli, haki ya njia ni yake. Lakini hawabishi sasa, wanashuka, kwa hiyo sheria ya 18 haijazimwa. Changu, na haki yake yote, anadaiwa nafasi ya boya. Ampe Pono. Na Pono, kwa kuwa hana haki ya njia, achukue mgeuko wa kawaida tu, asijitanue.

Wakiwa wote wawili kwenye upepo wa kushoto? Matanga yako kulia, ya ndani inakuwa joshini: ina nafasi, haina haki ya njia. Wote wakiwa kwenye upepo wa kulia? Matanga yako kushoto, upande wa boya, ya ndani inakuwa demanini: ina vyote viwili. Lakini huyu wa mwisho lazima apindue kwa demani ndipo aelekee juu, kwa hiyo sheria ya 18.4 inambana: mpaka apindue, asiende mbali na boya kuliko njia yake sahihi inavyohitaji. Asiwachukue wenzake hadi kisiwa cha Bongoyo kwa sababu tu ana haki. Sheria hiyo ya 18.4 haitumiki kwenye lango, yaani pale waandaaji wanapoweka maboya mawili na kila nahodha anachagua lake.

Panga hali hizi tatu mchangani kwa kandambili, ukikumbuka kuweka kijiti cha tanga upande sahihi. Zikishakaa mkononi, boya la chini halitakutisha.

Kwenye maji yenyewe: kusema, kukwepa, kulipa

Sheria ya 18 haikulazimishi uombe nafasi kwa sauti. Inakuwa yako au haiwi. Hata hivyo sema, tena mapema, urefu wa boti tano au sita kabla: "Tumeingiliana!" au "Hakuna nafasi, uko nyuma!" Mwenzako akijibu, mmeshaandika mkataba mbele ya mashahidi. Mkae na jibu hilo.

Ukiwa na haki zote duniani, kwepa. Sheria ya 14 inamtaka kila mmoja akwepe kugongana pale inapowezekana. Mwenye haki hatakiwi kuchukua hatua mpaka iwe wazi kwamba mwenzake hapishi au haachi nafasi. Ikishakuwa wazi, ageuze.

Ukikosea, lipa hapo hapo: toka mbali na wenzako haraka uwezavyo, zunguka mara mbili upande mmoja, kila mzunguko una kupindua kwa joshi mara moja na kwa demani mara moja. Ukigusa boya tu, mzunguko mmoja. Ukigusa boya na kumkosea mtu katika tukio hilo hilo, mizunguko miwili inatosha. Lakini kama umemuumiza mtu, umevunja chombo vibaya, au umejipatia faida kubwa hata baada ya mizunguko, adhabu yako ni kujitoa.

Ukitaka kupinga, piga kelele ya pingamizi mara tu inapowezekana. Neno lililoandikwa ni la Kiingereza, "Protest". Utangulizi wa sheria unaruhusu kelele zinazotakiwa na sheria ziwe kwa lugha nyingine, ikiwa ni jambo la busara kutarajia boti zote zinazohusika zitaelewa, na Kiingereza hukubaliwa siku zote. Katika kundi la wageni na wenyeji, tumia neno hilo la Kiingereza, usije ukashindwa kesi kwa sababu ya lugha. Boti yenye bodi ya mita 6 au zaidi inapandisha na bendera nyekundu. Fupi ya hapo hailazimiki.

Ukifika ufukweni, kabla hujavua hata jaketi la kuokolea, chukua karatasi na uchore picha ile ya hatua ya nne: boti ya kwanza inapogusa duara. Andika umbali kwa urefu wa boti, siyo "karibu" wala "mbali". Andika nani alikuwa kwenye upepo gani, tanga upande gani, usukani wa nani ulikuwa wapi na omo ya nani ilikuwa wapi. Mtafute aliyekuwa nyuma yenu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona mstari wa tezi kuliko ninyi wawili, na umwombe aje kama shahidi kabla hajaondoka kwenda nyumbani.